Bisibisi imekatikia ndani ya silinda ya chenso: jinsi ya kutoa kipande bila kuua injini

Usivute kamba. Kama ulichomeka bisibisi kwenye tundu la plagi kuzuia pistoni ili ufungue klachi, na ncha imekatikia ndani ya silinda nawe umebaki na mpini mkononi, weka zana chini na uache injini pale pale ilipo. Usigeuze flaiwili (lile gurudumu zito linalozungushwa na kamba ya staata), usiinamishe chenso, usipulize upepo kwenye tundu la plagi. Yote nitakayoeleza hapa yanategemea utulivu huo wa dakika ya kwanza.

Natengeneza chenso, yaani misumeno ya mnyororo yenye injini, hapa Mafinga, mkoani Iringa. Huku Mufindi, kati ya shamba la miti la Sao Hill na mashamba ya watu binafsi ya misindano na mikaratusi, chenso ndiyo jembe la watu wengi. Chenso nyingi nilizopokea zikiwa na kipande ndani hazikuharibiwa na kipande kuingia. Ziliharibiwa na mtu aliyevuta kamba mara moja "kujaribu tu" baada ya kuingia. Injini hizi zikiwa kazini huzunguka hadi mara 13,000 hivi kwa dakika, maana yake pistoni inapanda na kushuka zaidi ya mara 200 kila sekunde. Chuma kigumu cha ukubwa wa punje ya mchele hakihitaji hata sekunde nzima kumaliza silinda.

Mimi mwenyewe nilipitia hapo miaka yangu ya mwanzo. Kijana kutoka Igowole aliniletea Husqvarna 372 nimfungulie klachi. Nikachomeka bisibisi kwenye tundu la plagi ili pistoni isizunguke, nikaweka spana, nikakaza mkono. Ncha ikalia "tak". Nilipochungulia sikuona kitu, nikajiambia labda imerukia nje, nikavuta kamba nusu. Ile nusu ilitosha. Kipande kilikuwa kimekaa ukingoni mwa dirisha la ekzosi, kikaivunja ringi na kuchimba mfereji kwenye ukuta wa silinda. Nilimnunulia silinda na pistoni kwa hela yangu, na kijana akakaa siku nne bila kazi. Zile siku nne ndizo zilizoniuma kuliko hela.

Elewa kwanza madirisha ya silinda

Injini ya chenso ni ya mipigo miwili, haina valvu. Badala yake ukuta wa silinda una matundu, nami nayaita madirisha, ambayo pistoni huyafunga na kuyafungua ikipanda na kushuka. Mbele kuna dirisha la ekzosi. Nyuma, upande wa kabureta, kuna dirisha la kuvutia mafuta na hewa. Kushoto na kulia kuna madirisha ya pembeni, ambayo ni njia za kutoka krenkesi, yaani chumba cha chini chenye krenki na beringi, kwenda juu ya pistoni.

Hofu yetu iko kwenye hayo ya pembeni. Kipande kikiwa juu ya pistoni ni kazi ya nusu saa. Kikidondokea dirisha la pembeni kinashuka krenkesi, na hapo kazi inaweza kuwa ya siku nzima.

Sasa shika jambo hili moja, kwa kuwa ndilo litakalokuokoa: pistoni inaposhuka, dirisha la ekzosi hufunguka kabla ya madirisha ya pembeni. Ukingo wake wa juu uko juu zaidi. Kuna nafasi ndogo, ya milimita chache tu, ambapo mlango wa kutokea nje uko wazi na milango ya kwenda krenkesi bado imefungwa. Kipande tunakitoa hapo.

Jua unatafuta nini

Tandika kitambaa cheupe mezani. Weka zana iliyovunjika na ulinganishe na nzima kama unayo. Pima kimepungua nini: urefu, unene, umbo. Kama kuna vipande vilivyodondoka nje, vikusanye na uviunganishe kama mtu anayeunga chungu. Mwisho wa kazi lazima hesabu itimie kwenye kitambaa hicho hicho.

Kisha jiulize ni cha kitu gani. Chuma cha bisibisi kinashikwa na sumaku. Aluminiamu haishikwi, plastiki haishikwi, wala ile kauri nyeupe ya plagi, ambayo ni ngumu mno na hukwaruza vibaya. Habari njema ni kwamba silinda na pistoni za chenso hizi ni aluminiamu, kwa hiyo sumaku ikiingia kwenye tundu la plagi haing'ang'anii ukutani. Itakachokishika humo ndani karibu hakika ni kipande chako, au ringi ukiipeleka dirishani.

Usafi na moto

Mimina petroli yote kwenye chombo chenye kifuniko na ukiweke mbali. Nasema hili kwa uzito kwa sababu nawajua mafundi wenzangu wa nyanda hizi: Juni na Julai baridi ya Mufindi inauma, na karai la mkaa hukaa miguuni mwa fundi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini hadi kwenye karai. Siku ya kazi hii mkaa utoke nje kabisa, au kazi ndiyo itoke nje.

Kabla ya kufungua kingine chochote, ziba tundu la plagi kwa kitambaa kikubwa ambacho hakiwezi kuzama, kisha safisha nje kwa brashi. Unga wa msindano ukichanganyika na utomvu na oili hugandia kwenye mapezi ya silinda kama saruji. Ukiuacha utaumwaga ndani na kujiongezea mchanga juu ya tatizo. Upepo wa kompresa usiutumie tangu sasa hadi kazi iishe. Upepo hauelewi unakotaka kipande kiende.

Jaribio la kwanza: tundu la plagi

Mulika kwa tochi ndogo. Tundu ni la milimita 14, halitoshi jicho na tochi kwa pamoja, kwa hiyo mulika kwa pembe, au tumia kamera ya waya inayochomekwa kwenye simu kama unaweza kuipata. Unataka kujua mambo mawili: pistoni iko wapi, na kipande kimelala wapi.

Kujua pistoni ilipo, chukua mrija mrefu wa soda na uushushe taratibu hadi uguse. Uache usimame hapo, uushike kwa vidole viwili. Mrija ukionyesha pistoni iko juu, shukuru, maana madirisha yote ya hatari yamefungwa na kipande hakina pa kwenda.

Chuma kijaribu kwa sumaku ya fimbo. Kama huna, kipande kidogo cha sumaku ya spika kilichonaswa kwenye ncha ya msumari mrefu kinafanya kazi, ila kifunge kwa gundi na uzi ili nacho kisibaki ndani. Nimeona mtu anatoa kimoja na kuacha kingine. Shusha polepole, gusa, subiri, pandisha ukiwa umenyooka katikati ya tundu ili nyuzi za plagi zisikikwangue.

Kisichoshikwa na sumaku kinatolewa kwa grisi. Chonga kijiti cha mwanzi, urefu wa kiganja na nusu. Huku mwanzi wa ulanzi uko kila kijiji, na ni mzuri kwa sababu haukwaruzi wala hauvunjiki vipande vipande. Paka ncha yake grisi nzito, tone kama punje ya haragwe. Gusa kipande, kandamiza kidogo, inua. Huenda ukarudia mara kumi, na kila mara futa grisi kwenye kitambaa cheupe uone kilichokuja nayo. Usitumie waya mgumu, spoku wala koleo ya ncha: mkwaruzo wa chombo cha kuokolea unaumiza silinda sawasawa na mkwaruzo wa kipande.

Jaribio la pili: dirisha la ekzosi

Kama robo saa imepita bila kitu, usiendelee kuchokonoa. Vua ekzosi. Kwenye Stihl nyingi bisibisi ya nyota T27 inafungua karibu kila kitu. Kwenye aina nyingine angalia mwenyewe. Toa mnyororo na upanga wake, na ufungue kava la staata ili flaiwili iwe wazi kwa vidole.

Sasa isimamishe chenso pua chini, mpini wa nyuma juu, juu ya kile kitambaa cheupe. Dirisha la ekzosi linatazama ardhi. Kipande kilichokuwa juu ya pistoni kitateleza kuja upande huo wa ukuta, mbali na madirisha ya pembeni. Gonga mwili wa chenso kwa kiganja, siyo kwa nyundo.

Hapa ndipo subira inahitajika. Shika flaiwili kwa vidole na uigeuze upande unaoishusha pistoni, mrija wa soda ukikuonyesha. Kumbuka, shusha tu, usipandishe. Pistoni ikifika juu kabisa, uwazi kati yake na kichwa cha silinda pembezoni huwa chini ya milimita moja au zaidi kidogo, na kipande kikikutwa hapo kinabanwa na kuchimba pande zote mbili. Kama bisibisi ilivunjika pistoni ikiwa inapanda, maana yake utageuza kinyumenyume. Kwa mkono hakuna madhara.

Tazama dirisha la ekzosi. Kwanza utaona ubavu wa pistoni unang'aa umeziba lote. Kisha ukingo wa juu wa dirisha utafunuka, mstari mwembamba wa giza, kama mlango uliofunguliwa na mtu anayechungulia. Simama. Tikisa. Ongeza milimita moja. Tikisa tena. Mara nyingi hapo ndipo utasikia "ti" kwenye kitambaa, sauti ndogo sana, na nakuhakikishia hutaisahau. Kisipodondoka lakini unakiona, sumaku au kijiti cha grisi kipite dirishani humo.

Ukikuta pistoni ilikuwa tayari chini tangu mwanzo na kipande bado kinaonekana juu yake, usigeuze chochote. Ekzosi iko wazi tayari, simamisha chenso pua chini na ukidondoshe.

Kikisha kuingia krenkesi

Usipokiona popote, chukulia kimeshuka. Usijidanganye kama mimi nilivyojidanganya kwamba "kimerukia nje".

Vua kabureta na ule mpira unaoiunganisha na silinda. Hakikisha kwa tochi, kwa kamera na kwa mrija kwamba juu ya pistoni ni patupu kabisa, kwa kuwa sasa tutaipandisha. Kwenye injini kama za 372 au Stihl MS 381 pistoni ikiwa juu, dirisha la kabureta hufunguka chini yake na kutazama krenkesi moja kwa moja. Ndiyo njia pana kuliko zote.

Mimina hapo nusu kikombe cha mafuta ya taa yaliyochujwa. Petroli husafisha vizuri zaidi lakini kwa kazi hii siipendi, inawaka haraka mno. Tingisha chenso pande zote kama mtu anayesuuza kibuyu, kisha igeuze miguu juu, upande wa kabureta ukielekea chini, mafuta yatoke juu ya kitambaa cheupe kilichotandikwa kwenye sufuria. Rudia mara tatu, nne. Kati ya suuzo na suuzo geuza flaiwili nyuzi chache tu kwa kidole kimoja. Ukisikia mkwaruzo au kizuizi, rudi ulikotoka papo hapo. Kipande kiko kati ya gurudumu la krenki na ukuta, na ukilazimisha utakisukuma kwenye beringi.

Ikishindikana, silinda inatoka. Kwenye chenso hizo kubwa ni bolti nne zinazofikiwa kwa bisibisi ndefu kupitia kwenye mapezi. Chenso ndogo kama MS 180 zimejengwa tofauti: ukifungua silinda, nusu ya krenkesi inafunguka pamoja nayo na krenki inalegea, kwa hiyo sili na gundi ya gasketi ziwe tayari kabla hujaanza. Ivute silinda wima bila kuizungusha, maana ncha za ringi zinaweza kuingia dirishani na kuvunjika, ukawa na kipande cha pili. Silinda ikishatoka, krenkesi yote inaonekana, na sumaku iliyovalishwa kitambaa chembamba inakipata kipande upesi. Humo krenki na beringi ni chuma, sumaku itavutwa huku na huko. Shika imara.

Kupasua krenkesi nzima ni hatua ya mwisho, kwa kipande kilichozama ndani ya beringi. Kama hujawahi, mpelekee aliyewahi. Beringi na sili zitabadilishwa zote.

Kabla ya kufunga

Vipange vipande kando ya zana iliyovunjika. Vikikosa kutimia hata kwa ukubwa wa kichwa cha kiberiti, rudi ukasuuze. Mwenye chenso atakuwa amesimama hapo anakwambia "fundi, si kimetoka, funga twende," nawe utamjibu kwa upole kwamba bado.

Pitisha ukucha kwenye ukuta wa silinda kupitia dirisha la ekzosi, juu na chini, kisha kuzunguka. Mstari unaouona lakini ukucha hauuhisi unaweza kuishi nao. Mstari unaoushika ukucha unavujisha kompresheni, yaani mbano wa hewa juu ya pistoni, na utaendelea kuila ringi. Usiupige msasa: ukuta una tabaka jembamba gumu juu ya aluminiamu, ukilitoboa silinda imekwisha. Sukuma ringi kwa kijiti cha mwanzi uone kama inarudi yenyewe.

Ukipima kompresheni kwa geji, kumbuka uko wapi. Mafinga tuko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na geji inasoma karibu sehemu moja ya tano pungufu kuliko pwani. Kwa hapa nahesabu hivi: chenso ambayo ingesoma psi 150 Dar es Salaam itasoma kama 120 kwangu, na ni nzima. Nimeona pistoni nzuri zinatupwa kwa sababu mtu alisoma namba ya kitabu bila kufikiria mlima aliosimama.

Wakati wa kurudisha, weka gasketi mpya chini ya silinda kama uliitoa, paka ukuta oili ya tu-stroki, ncha za ringi zikae kwenye pini ndogo iliyo ndani ya mfereji wake, na bolti ukaze kwa msalaba, kidogo kidogo. Geuza flaiwili kwa mkono mizunguko kumi bila plagi ukisikiliza. Mafuta yachanganye upya: oili bora ya kampuni, mililita 20 kwa lita ya petroli. Oili ya kawaida ya tu-stroki, mililita 40. Iwashe, iache kwenye sailensa, yaani izunguke polepole bila kubonyeza mafuta, dakika chache, izime, toa plagi, chungulia tena.

Na ile klachi bado haijafunguka

Kazi iliyokuleta hapa bado inakusubiri, na safari hii tumia kamba. Kamba ya zamani ya staata, laini, ipige fundo nene upande mmoja. Pandisha pistoni hadi ipite na kufunga dirisha la ekzosi, uone kwa macho yako kwamba limeziba, la sivyo kamba itaingia dirishani na kukatwa. Kisha lisha kamba kwa tundu la plagi hadi isiingie tena, fundo likibaki nje. Ukizungusha, pistoni inakutana na kamba iliyojikunja na kusimama kwa ulaini, bila chuma kugusa chuma.

Na kabla ya kukaza mkono, futa uchafu kwenye uso wa klachi usome mshale. Kwenye Stihl na Husqvarna klachi ina nyuzi za kushoto: inafunguka kwa kugeuza upande ule ambao bolti ya kawaida ingekazwa, kama mshale wa saa. Bisibisi nyingi zinazovunjika ndani ya silinda zinavunjwa na mtu anayeikaza klachi huku akiamini anaifungua. Geuza kama saa, gonga spana mara moja kwa kiganja, na itaachia.